Kaburi la Mjerumani Kisiwani Mkadini

Mume wangu Apolinari alikuwa mlinzi wa taa. Nikisema hivyo huku Kimara watu hudhani alilinda nguzo za umeme, kwa hiyo nimezoea kueleza. Kuna minara ilijengwa kando ya bahari tangu enzi za Mjerumani. Juu yake kuna taa, na meli zikiiona zinajua hapa pana mwamba, zinapita mbali. Siku hizi taa hizo zinajiwasha zenyewe kwa nguvu ya jua. Zamani zilitaka mtu wa kupanda ngazi na dumu la mafuta, kupiga pampu, kufuta vioo ili chumvi isizibe mwanga, na kukaa macho. Apolinari alitoka Bukoba, kuogelea hajui, akapata kazi hiyo kwa sababu wenyeji wa pwani waliikwepa. Walisema kisiwa kile kina wenyewe. Yeye akasema hao wenyewe hawamjui mtu wa Bukoba, watamsumbuaje.

Kisiwa chenyewe kinaitwa Mkadini. Walikaa wawili kule, mwezi mmoja kazini, mwezi mmoja nyumbani, na nyumbani kwetu kulikuwa chumba cha kupanga Temeke. Mwenzake wa zamu aliitwa Ngwali, mtu wa Mafia, Mwislamu wa swala tano.

Mwaka 1986, mwezi wa tano, homa ilimkamata mume wangu, ikamchukua kwa siku tatu. Kisiwa kile ukitaka kukifikia kwa miguu unangoja bamvua, zile siku bahari inapotoka mbali na mchanga unabaki wazi kutoka nchi kavu hadi kisiwani. Apolinari alikufa siku za maji mafu, bahari haitoki, mkondo umejaa katikati, na mvua na upepo wa kusi vilizuia boti kusogea. Joto la pwani mnalijua. Ngwali alikaa naye usiku mmoja, asubuhi akachimba peke yake nyuma ya mnara, akamzika. Habari ilinifikia siku ya kumi na moja.

Ngwali hakunificha kitu. Alisema sala zetu hazijui, kwa hiyo alimfanyia kama angemfanyia ndugu yake wa tumbo moja. Alimwosha, akamviringisha katika shuka jeupe, akamlaza kwa ubavu wa kulia, uso kuelekea kibla. Padri nilipomweleza alikuna kichwa, akasema Mungu anaona. Mimi nilimshukuru Ngwali, na namshukuru hata leo, ingawa naye ametangulia.

Ila nilikuwa na wasiwasi wangu. Makaburi ya pwani ile yote ni ya Waislamu. Nikaona mume wangu atapotea mle. Miaka ikipita, nani atajua kwamba pale amelala Mkristo, mtu wa bara? Nikaenda kwa fundi wa misheni, akanitengenezea msalaba wa chuma, mzito, urefu wake unanifika kifuani, nchani una maua ya chuma kama misalaba ya mapadri wa kale. Fundi akaniuliza kama jina alichomelee kwa herufi za chuma. Nikakataa. Nilisema jina nitaliandika mwenyewe, mume ni wangu. Nikaliandika kwa rangi ya mafuta, na kwa kuwa mwandiko wangu ni wa darasa la nne, mistari inapanda na kushuka, nililiandika dogo, chini kabisa, mtu asije akanicheka. Mwezi wa kumi na moja boti ya kupeleka mafuta ilinichukua mimi na msalaba na mifuko miwili ya saruji, tukausimika. Wakati wa kurudi niligeuka mara nyingi kuutazama. Ulionekana kutoka mbali sana. Nikaridhika.

Sikurudi tena kule. Watoto walikuwa wadogo, halafu walinzi wakaondolewa, boti ikaacha kwenda, na mimi nikasema siku moja, siku moja, mpaka nikawa bibi.

Mwaka juzi tulimzika mwanangu Didas, baba wa mjukuu wangu Gladness, huko kwetu Bukoba, katika kibanja cha ukoo. Baba yake Apolinari amelala pale katikati ya migomba, halafu kuna nafasi tupu, halafu tukamweka Didas. Gaudens, mdogo wake Apolinari, ndiye mkubwa wa nyumba sasa. Baada ya maziko alinishika mkono akanionyesha ile nafasi, akasema hapa ni pa kaka, na wewe ubavuni kwake. Akasema nimemwacha mtu majini miaka yote hii. Hakusema kwa ubaya. Lakini alisema mbele ya watu.

Moyo wangu umetanuka, hospitali wamenionyesha kwenye picha. Sina miaka mingi. Nilipanga kitu kimoja tu kabla sijafa: Apolinari afukuliwe, arudi nyumbani, ili nikifuata mimi nilazwe kando ya mtu na si kando ya nafasi.

Ofisini waliniambia kufukua mtu si kama kufukua muhogo. Kuna barua ya serikali ya mtaa, kuna kibali cha mahakama, kuna bwana afya lazima awepo. Yule kijana wa mezani alikuwa na adabu, akasema nianze kwa kuleta picha ya kaburi na maelezo ya mahali lilipo. Gaudens naye, kwa haraka zake, alikuwa ameshatangaza Jumamosi ya kukusanya ukoo, na migomba mitatu ameshaikata kupanua mahali.

Sasa Gladness anauza katika duka la vifaa vya ujenzi la Bwana Taiyeb, hapo Temeke. Huyo bwana ana ugonjwa wa minara. Wenzake Jumapili wanaenda ufukweni kula, yeye anaendesha gari siku nzima kwenda kutazama mnara wa taa uliojengwa na watu waliokufa zamani. Amefika kwenye minara kumi na moja, kuanzia Tanga hadi Mtwara, na picha zake amezibandika dukani juu ya mabomba na bawaba. Gladness alisikia wa kumi na mbili na kumi na tatu ni Ras Kitoni na Mkadini. Akamwambia bosi wake kwamba ana bibi anayependa sana kutembea.

Sikuupenda huo uongo, lakini niliunyamazia. Mtu ukimwambia unapanda gari lake kwenda kaburini, matembezi yake yote yanageuka msiba. Nilitaka kwanza nione kwa macho yangu, Gladness apige picha, tuondoke.

Tuliondoka Temeke kabla ya jua, tukipitia Kongowe. Bwana Taiyeb aliendesha, mkewe Rubabbai alikaa nyuma nami katika vazi la wanawake wa dhehebu lao, la rangi ya zambarau lenye kofia inayoshuka hadi kiunoni, kikapu cha chakula mapajani. Niliwekwa karibu na dirisha nione vizuri. Ni watu wakarimu. Tulipofika Ras Kitoni tukala kwanza, na Rubabbai kabla ya kutugawia mikate alipitisha kisahani cha chumvi, kila mtu alambe kidogo, ndivyo wanavyoanza kula wao. Mumewe hakukaa. Alikuwa ameshafika kwenye mnara anahesabu ngazi kwa sauti na kuandika katika daftari. Rubabbai akanong'ona kwangu kwamba nyumbani balbu ikiungua anamwita fundi, hawezi kupanda hata stuli, lakini taa ya Mjerumani anaipandia ngazi themanini. Tulicheka. Naona haya kidogo kukumbuka kwamba asubuhi ile nilicheka.

Kijiji kinachotazamana na Mkadini kina kijana wa kupitisha wageni. Kijana namwita mimi, ana miaka arobaini na kitu. Jina lake Pazi. Alinipa shikamoo ya kuinama, akanikatia fimbo, na tulipoingia kwenye mchanga wa bahari akanishika mkono. Ilikuwa saa tatu na nusu. Alisema maji yatakuwa chini kabisa saa nne na nusu, na saa sita lazima tuwe tumerudi, vinginevyo tutalala na kaa. Njia ni ndefu na inateleza, ina mawe yenye ncha. Mara nyingi alisimama akanionyesha wapi niweke mguu. Sijashikwa mkono kwa upole namna ile siku nyingi.

Mnara niliukuta mdogo kuliko nilivyouweka kichwani. Chokaa imebanduka, mlango hakuna, ndani pananuka popo. Juu pale Apolinari alipokuwa anafuta vioo hakuna kioo hata kimoja, wameweka kitaa kidogo kama sahani na kipande cha sola. Bwana Taiyeb alipanda, Gladness akapanda naye. Mimi kwa moyo wangu sikupanda. Niliweka kiganja ukutani, ukuta ulikuwa wa baridi upande wa kivuli. Nilikuwa na hamu ya kuzunguka nyuma na miguu haitaki kwenda.

Pazi akakusanya watu. Akasema sasa twende kwenye kitu chenyewe kinachowaleta wageni, kaburi la Mjerumani.

Nilidhani kuna kaburi jingine. Nilimfuata nikiwa na wazo hilo, hata nikafurahi kwamba Apolinari alikuwa na jirani na hakuniambia.

Tulipokunja kona niliuona msalaba wangu. Umeinama, kama mtu aliyelewa. Ile saruji niliyosimamia kwa macho yangu imepasuliwa vipande vipande, na mahali pa kulala mtu pana shimo, limejaa mchanga nusu, na ndani ya mchanga mna matundu ya kaa. Pazi alisimama juu ya kipande kimoja cha saruji akaanza kueleza. Alieleza vizuri, ni mtu mwenye sauti. Alisema Mjerumani huyu ndiye aliyewasha taa ya kwanza. Vita ilipokuja na wenzake wakakimbia, yeye alikataa, akazika rupia zote za serikali yake kisiwani, akafa juu yake. Wazee wa kijiji wanajua ni Mjerumani kwa sababu ya msalaba. Katika pwani hii yote, nani mwingine aweke msalaba wa chuma kama huu?

Bwana Taiyeb aliuliza kama huyo Mjerumani aliacha na risiti. Rubabbai akacheka. Pazi akacheka. Gladness alikuwa ameshika simu, mkono umemganda hewani, ananitazama mimi.

Nilimwacha Pazi amalize. Mtu akiwa anaeleza sipendi kumkata. Halafu nikapiga magoti, nikapapasa chini ya msalaba pale nilipoandika jina. Chuma kimeota magamba, linabanduka gamba kwa gamba, na chini yake ni kutu tupu. Nilipapasa pande zote mbili.

"Aliyelala hapa siyo Mjerumani," nikasema. "Ni mume wangu. Apolinari. Alikufa mwaka themanini na sita, na msalaba huu niliuleta mimi."

Pazi alitabasamu, akasema bibi ana utani wa watu wa bara. Halafu akamwona Gladness analia, tabasamu likabaki usoni lakini halina mwenyewe. Bwana Taiyeb alivua kofia yake. 

Niliuliza nani amechimba. Pazi akasema ni watu wa mjini, walikuja mwaka ule wa corona na mashine inayolia ikinusa chuma, na mganga wao. Mashine ililia sana juu ya kaburi. Bila shaka ililia, msalaba ule una nondo ndefu chini ya saruji. Nikamuuliza yeye alikuwa wapi. Akasema aliwaonyesha njia tu. Nikamwangalia. Nina subira, nimelea watoto na wajukuu, najua mtoto akisema nilikuwa nawaangalia tu wenzangu. Nikangoja. Akaanza kuchimba mchanga kwa kidole cha mguu.

"Pazi, mwanangu," nikamwambia, "mlimkuta amelalaje?"

Kidole chake kikasimama.

"Mlipomfikia. Alikuwa amelala chali?"

"Hapana, bibi."

"Alilalaje?"

"Kwa ubavu," akasema, taratibu. "Ubavu wa kulia. Ameelekea kibla."

"Sanduku?"

"Hamna sanduku. Kulikuwa na mbao kwa juu, kama tunavyoziweka sie."

"Basi mlijua."

Alichuchumaa. Alishika kichwa kwa mikono miwili. "Nilijua," akasema. "Wale wa mjini hawakuelewa, mimi nilielewa. Nikasema jamani huyu si Mzungu, huyu amezikwa na watu wetu. Mganga akasema huyo ni Mjerumani aliyesilimu, na hao ndio wabaya zaidi. Tukaendelea. Bibi, tulikuwa tumeshachimba kutwa nzima."

Gladness alimrukia kwa maneno. Alimwita mchawi, alimwita mwizi wa maiti, alisema leo leo anampeleka polisi, kijiji kizima kitamjua. Bwana Taiyeb alimvuta pembeni. Pazi hakujitetea. Mimi nilimwambia Gladness anyamaze kidogo kwa sababu nilikuwa sijamaliza kuuliza, na maji hayatungoji.

Nikauliza wamemweka wapi. Hilo ndilo lililonileta. Kama wamemhamishia chini ya mti, kama wamemtupa nyuma ya mwamba, mifupa ni mifupa, nitaiokota. Nilishaanza kutafuta kwa macho.

Pazi alisema mganga alikataa asirudishwe shimoni. Alisema mwenye mali akifunuliwa atawafuata majumbani mwao, lazima avuke maji. Wakamtia kwenye kiroba cha saruji wakakifunga na jiwe. Wakati wa kurudi, bahari ikiwa imeanza kujaa, wakamwacha mkondoni, pale katikati tulipopita.

Nadhani hapo ndipo nilipokaa chini. Rubabbai alikuja akakaa kando yangu, vazi lake zuri lote kwenye mchanga, akanishika goti. 

Bwana Taiyeb alikuwa na huruma na alitaka kufanya kitu kwa mikono yake, wanaume wengine ndivyo walivyo. Alienda kwenye kikapu cha chakula tulichovuka nacho, akamwaga mikate iliyobaki kwenye kitambaa, akaja na bakuli lao la plastiki lenye mfuniko. Akashuka shimoni na suruali yake safi akachota mchanga wa chini kabisa, akajaza, akafunika, akaniletea. Akasema, "Mama, huu alilala ndani yake miaka zaidi ya thelathini. Huu si ni yeye? Upeleke kwenu."

Nililipokea lile bakuli. Lilikuwa zito. Nilifikiri Gaudens, na migomba mitatu iliyokatwa, na ile Jumamosi. Mchanga ungeweza kuzikwa. Nani angeuliza?

Pazi akasema, akiwa bado amechuchumaa, kwamba ule mchanga ni mpya. Shimo walilifukia vibaya, na bamvua kubwa la kila mwaka linafika hadi pale, linazoa uliopo na kuleta mwingine. Mchanga wa kaburi ulishaondoka miaka mitatu iliyopita.

Angeweza kunyamaza. Sijui kwa nini hakunyamaza. Nikafungua mfuniko, nikaurudisha mchanga shimoni, nikampa Bwana Taiyeb bakuli lake.

Ilikuwa saa sita kasoro. Tulianza kurudi na tulikuwa tumechelewa. Mwanzoni maji yalikuwa ya kulowesha vidole. Tulipokaribia katikati yalishika muundi na yanakwenda kwa nguvu, yanavuta mchanga chini ya nyayo, na mimi pumzi zikaanza kunipungukia. Gladness alinishika upande mmoja lakini naye alikuwa anayumba. Bwana Taiyeb ana uzito wake na goti lake, na mkewe alikuwa amemng'ang'ania shingoni. Pazi alikuja mbele yangu akainama akanipa mgongo.

Gladness alimwambia usimguse bibi yangu. Mimi nikapanda. Ningefanya nini? Kifo kile cha kushupaa sikukitaka, nina mambo ya kumaliza. Nikamshika mabega. Alitembea polepole akitafuta njia kwa miguu, maji yakimpanda magotini, nami nikawa namsikia anavyohema.

"Na yeye ulimbeba wewe?" nikamuuliza sikioni.

"Mimi, bibi. Begani."

"Alikuwa mzito?"

"Hapana," akasema. "Hakuwa mzito."

Baada ya hatua chache akasimama. Sikumwomba asimame. Akasema ni hapa, kama si hapa ni pale mbele kidogo, mkondo unahama. Nikatazama. Maji ya kijani, yana mapovu, yanakwenda. Nilimwambia Apolinari kwa Kihaya kwamba Didas ameshafika nyumbani na kwamba mimi nilikuja. Nilitaka kusema na mengine, nikaona Pazi miguu inamtetemeka.

"Bibi, nisamehe," akasema.

"Tembea," nikamwambia. "Maji yanajaa."

Ufukweni nilimpigia Gaudens kwa simu ya Gladness. Nilimweleza yote, pamoja na ule msalaba, kwamba mimi ndiye niliyemtia alama mume wangu mpaka akafukuliwa.  Gaudens akasema wazee wameshaalikwa, kwa nini nisibebe mchanga wowote, ya ndani ya sanduku nani atayajua. Nikasema mimi nitayajua. Akaguna. Basi akasema watazika mgomba. Kwetu ndivyo walivyofanyaga kwa waliozama ziwani wasipatikane: unakatwa mgomba, unavikwa shuka, unalazwa, mambo yanaisha. Nikamwuliza mgomba huo si wa mtu asiyejulikana alipo? Mimi alipo napajua, nimetoka kupita juu yake. Gaudens akasema, kwa sauti ya uchovu, "Shemeji, kujua alipo hakutatusaidia kumzika."



Gladness alienda polisi kweli, siku mbili baadaye. Waliandika. Wale wa mjini hawana majina, mganga amekufa, na Pazi hakukana hata neno. Alilala ndani, akaachiwa arudi kwao akiripoti. Bwana Taiyeb alikuja Kimara kunijulia hali, miguu yangu ilikuwa imevimba kwa yale maji. Alinionyesha daftari lake. Kwenye ukurasa wa Mkadini, palipoandikwa kaburi la Mjerumani, alikuwa amekata mstari na kuandika jina la mume wangu na kazi yake, kwa herufi kubwa zilizonyooka. Nilimshukuru. Alisema safari za minara amepumzika kidogo. Gladness naye anaona kwenye simu kwamba wageni bado wanaenda, wanapiga picha wamesimama kando ya ule msalaba, na maneno ni yaleyale ya Mjerumani. Si Pazi anayewaeleza sasa, ni mwingine. Pazi inasemekana anajaribu kuwaambia watu kwamba pale alilala mlinzi kutoka Bukoba, na watu wanamwuliza mbona sasa hapana cha kuona.

Ile Jumamosi sikuweza kusafiri, daktari alikataa. Gladness aliomba ruhusa dukani ya nusu siku, akakaa nami kitandani, ameshika simu katikati yetu. Mtandao wa kwetu ni wa kukatikakatika. Nilisikia wimbo nusu, nikasikia mtu anakohoa, nikasikia Gaudens anaelekeza kwamba upande mpana wa mgomba uwe kichwani. Halafu majembe. Udongo wetu ukianguka juu ya kitu kibichi unatoa sauti nyingine kabisa na ile ya sanduku. Sikulia. Gladness alilia.

Mwishoni Gaudens akachukua simu. Akasema wamemaliza, watu wamekula, hakuna aliyesema neno baya. Akasema wamepanga udongo vizuri na nafasi iliyobaki ni ya mtu mmoja.

"Sawa, shemeji," nikamwambia. "Msipande kitu hapo."

Nikamrudishia Gladness simu yake. Nusu siku yake ilikuwa imeisha, akavaa viatu akaenda dukani.